Nilifungua ofisi ya uhasibu kabla sijamaliza CPA, na nilichokiogopa kuliko vyote ni kuitwa kishoka

Risiti ya kwanza niliyoshika kama mtu mwenye ofisi yake ilikuwa nyeupe pe. Hakuna tarehe, hakuna jina la duka, hakuna kiasi, karatasi tupu imejikunja kama ganda la muwa. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Igoma, Mwanza, alikuwa ameziweka zote juu ya dashibodi ya Canter yake miezi mitatu, na zile karatasi za mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, haziandikwi kwa wino, zinaandikwa kwa joto, sasa ukiziacha juani zinafutika zenyewe. Nikamuuliza mzee hii ilikuwa ya nini, akaigeuza geuza akasema hii ni ile saruji ya mwezi wa nne, milioni kumi na moja na laki nane. Nikapiga hesabu kichwani, kwenye 11,800,000 kuna VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 1,800,000 mle ndani, yaani kile kikaratasi kisichosomeka ndo kilikuwa kinampa mzee haki ya kupunguza 1,800,000 kwenye VAT anayopeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, na sasa hakina hata herufi moja.

Hiyo ilikuwa 2018, mwezi wa saba. Mi nilikuwa na digrii ya uhasibu, nimesajiliwa Bodi kama mhasibu mhitimu, nimefaulu masomo manne kati ya sita ya Intamidieti, ngazi ya mwisho ya Faino sijaigusa, na kazi sina. Nikisema Bodi namaanisha NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ambayo mitihani yake wakati ule ilikuwa inafanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, na ukishafaulu masomo yote bado unatakiwa uwe na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu ndo wakuandikishe uwe CPA kamili, yaani mhasibu aliyethibitishwa na Bodi. Sasa uzoefu unaupata wapi kama hakuna anayekuajiri? Nilizunguka na bahasha mji mzima, kila ofisi wanakuuliza una CPA, kwenye kupata CPA wanakuuliza una uzoefu, nikachoka. Nikakodi nusu ya meza kwenye steshenari moja Mabatini, 40,000 kwa mwezi, nina laptopu moja ya mkononi mwa mtu na kaunta buku mbili mpya, nikaanza.

Naandika haya kwa sababu najua wako vijana wengi sa hivi wamekaa hapo hapo nilipokaa mimi, wanajiuliza waanze au wasubiri. Sitakwambia anza wala sitakwambia subiri, ila nitakueleza yaliyonikuta, mengine niliyajua kwa kuungua.

Turudi kwa mzee na risiti zake. Zilikuwa kama mia na kitu, nikazipanga sakafuni. Zile ambazo chini kabisa ile namba ya uhakiki bado inaonekana kwa mbali nilikuwa naziinua kwenye mwanga wa dirisha, naandika namba na muda wa kutolewa, naingiza kwenye tovuti ya TRA ya kuhakiki risiti na risiti inakuja nzima nzima, naichapa kwenye karatasi ya kawaida. Zile zilizokufa kabisa ikabidi mzee arudi kwa aliowanunulia awaombe nakala. Wengine walitoa, wengine walimzungusha. Ile ya 1,800,000 ilipatikana siku ya nne, muuzaji mwenyewe alikuwa muungwana, akaitafuta kwenye mashine yake. Mzee alipoipokea aliikunja akaiweka kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, nikamwambia mzee hapana, hapo kuna jasho, nipe mimi nikaitoe fotokopi sasa hivi. Kuanzia siku ile sheria ya kwanza ya ofisi yangu ikawa risiti ikifika mezani inatolewa fotokopi siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuandikwa kwenye kitabu. Hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kunifundisha hilo, na nina uhakika ni hela nyingi zaidi nimewaokolea watu kwa fotokopi kuliko kwa kitu kingine chochote nilichosoma.

Nilimtoza 30,000 kwa kazi ile ya siku nne. Naandika hii kiasi ili mwingine asirudie. Nilikuwa najiona sina haki ya kuomba zaidi kwa sababu sina CPA, na hili ni kosa linalotukumba wengi tunaoanza, unajipunguzia bei kama vile unaomba msamaha. Kumbe bei ndogo inakuletea wateja wenye vurugu kubwa, anakuletea kiroba cha risiti tarehe 19 jioni na ritani ya VAT, ile taarifa ya kodi ya kila mwezi, mwisho wake ni tarehe 20, na kwa kuwa anakulipa 30,000 anaona ni sawa tu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujifunza kutoza kwa wingi wa risiti, na kuweka sharti kwamba risiti zinifikie kabla ya tarehe 5. Ukizidisha tarehe 5 bei inapanda. Wawili waliondoka, waliobaki wakabadilika.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kishoka. Kwa asiyelijua, kishoka ni yule mtu anayezurura karibu na ofisi za serikali akikwambia mi nitakutolea TIN, ile namba ya mlipakodi, mi nitakushushia makadirio ya kodi, nipe tu hela. Baadhi yao wanaijua kazi kweli, ila hana ofisi, hana usajili, na siku mambo yakiharibika humuoni. Mteja wangu wa pili, mama mwenye duka la vipodozi, alikuja kwangu akiwa ameshaliwa na mtu wa namna hiyo. Alimpa hela ya kodi mkononi miaka miwili mfululizo, jamaa akamletea karatasi zenye mhuri, mama akazifunga kwenye nailoni akaziweka kabatini kwa amani kabisa. Alipoenda kuhuisha leseni akaambiwa anadaiwa yote. Tena ile namba ya simu iliyosajiliwa kwenye TIN yake ilikuwa ya yule jamaa, na barua pepe ni ya yule jamaa, kwa hiyo kila ujumbe wa TRA ulikuwa unaenda kwa mwizi wake. Mama alinisimulia akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale steshenari, halafu akaniangalia usoni akaniuliza, "Na wewe mwanangu, una cheti gani?"

Nilikaa kimya kidogo. Nikamwambia, "Mama, cheti cha mwisho bado sijakipata, bado nasoma. Vitabu naweza kukuandikia na ritani naweza kukuandalia, lakini hela ya serikali sitaishika hata shilingi, utailipa wewe mwenyewe." Nikamtengenezea barua pepe yake, nikamwambia mwanae akae na nywila, namba ya simu tukabadilisha ikawa yake. Na tangu siku ile mpaka leo sijawahi kupokea hela ya kodi ya mteja yeyote. Natoa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini, namtumia, analipa mwenyewe benki au kwa simu, ananirushia uthibitisho naufungia kwenye faili lake. Wapo waliokuja na hela mkononi wakinibembeleza, "wewe kalipe tu nina haraka", nikakataa, na mmoja alikasirika kweli akaona simheshimu. Mi naona hapa ndo mstari ulipo. Kusoma bado, nani asiyesoma? Ila ukishika hela za watu na nywila za watu halafu huna chombo kinachokusimamia, wewe na kishoka mnatofautiana shati tu.

Huyo mama ndo alinionesha pia kwamba kazi ndogo sio ndogo. Mauzo yake yalikuwa kama milioni 9 kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2019, mfanyabiashara wa ngazi hiyo asiye na kumbukumbu alikuwa analipa 250,000, lakini mwenye kumbukumbu analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Fanya hesabu, zinazozidi ni milioni 2, asilimia 3 yake 60,000, jumla 150,000. Laki moja nzima inabaki kwake kwa sababu ya kaunta buku la kwaya mbili. Nikampa mistari, tarehe, kilichouzwa, kilichonunuliwa, kilichotumika nyumbani (hii ya nyumbani ndo ngumu kuliko zote, watu wanachota dukani sabuni na sukari na hela ya shule ya mtoto na hawaandiki), na kila Jumamosi jioni napita tunajumlisha pamoja. Wiki za kwanza alikuwa anaandika kwa penseli akiogopa kukosea. Baada ya miezi mitatu akaanza kunibishia jumla zangu, na mara mbili alikuwa sahihi yeye.

Kosa langu kubwa lilikuwa Novemba 2019. Yule mzee wa saruji kwa wakati ule ni kampuni, imesajiliwa VAT, ameshanipandishia mpaka 50,000 kwa mwezi. Mi nilikuwa nimekaa kwenye mitihani wiki ya kwanza ya Novemba, nilipomaliza mwili ukawa umekwisha kabisa, nikapanda meli nikaenda nyumbani Ukerewe kumsalimia mama. Ritani ya Oktoba nilikuwa nimeshaiandaa yote, imebaki kuituma tu. Nikajiambia nitarudi tarehe 18. Mama akaumwa kidogo, nikaongeza siku, na akili yangu ilivyokuwa imechoka sikuikumbuka ile ritani mpaka tarehe 26 asubuhi, nachota maji kisimani, ikanijia kama mtu kanipiga kofi. Ndoo nikaiacha pale pale.

Kwa wakati ule kampuni ikichelewesha ritani adhabu yake ilikuwa ama asilimia 2.5 ya kodi ambayo haijalipwa, ama 225,000, inachukuliwa iliyo kubwa, na inahesabiwa kila mwezi au sehemu ya mwezi. Kodi ya mwezi ule ilikuwa ndogo kwa hiyo ikaangukia 225,000, na riba kidogo ya kuchelewa juu yake. Mi ada yangu 50,000. Miezi minne na nusu ya ada.

Njia nzima kwenye meli nilikuwa natunga cha kumwambia. Mtandao ulisumbua. Sistimu ilikataa. Haya yote yangeaminika, kila mtu anajua mtandao unasumbua. Nilipofika Igoma nikamkuta amekaa nje kwenye benchi anahesabu mifuko inayoshushwa, nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akasema marahaba, karibu, nikakaa na nikayasema yote kama yalivyokuwa, nilisahau, mimi ndo nimesahau, na adhabu nitalipa mimi. Hakunijibu. Akaendelea kuhesabu mifuko mpaka ikaisha, nadhani ilikuwa dakika kumi lakini mimi niliziona kama siku. Halafu akasema, "Barua ya TRA haijaja bado. Umekuja kabla ya barua." Akanyamaza tena. "Lipa nusu, nusu nitalipa mimi, ila mwezi ujao nataka nione imeenda tarehe 15." Nililipa yote. Alikataa kwanza, nikamwambia mzee mi nikikubali nusu nitasahau tena. Nilikopa kwa dada yangu, nikamrudishia kwa miezi mitano.

Baada ya hapo nikatengeneza kitu ambacho ningetakiwa nikitengeneze siku ya kwanza, karatasi moja kubwa ya manila ukutani yenye tarehe. Tarehe 7 kodi ya mishahara na kodi ya zuio, tarehe 20 VAT, mwisho wa mwezi michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba awamu za kodi ya mapato kwa wale ambao mwaka wao wa hesabu unaisha Desemba, na 30 Juni ritani ya mwaka. Majina ya wateja upande wa kushoto, tiki upande wa kulia. Na nikamtafuta mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, tukakubaliana kila mmoja akiwa kwenye mitihani au msiba mwingine anamtazamia karatasi yake. Mtu mmoja peke yake sio ofisi jamani. Ukiumwa wewe wateja wako wote wanaumwa.

Kuna siku nyingine lazima niiseme. Mwaka 2020 mzee aliitwa TRA kuelezea ritani zake za nyuma, mi nikavaa shati jeupe nikaenda naye nikiwa na mafaili matatu. Afisa akatuamkia vizuri, akaniuliza, wewe ni mshauri wa kodi uliyesajiliwa? Nikasema hapana, mi namuandikia vitabu. Akasema basi subiri nje, mwenye biashara aingie. Na alikuwa sahihi, mtu wa kumwakilisha mlipakodi kwa malipo anatakiwa awe mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA, mi sikuwa. Nikakaa kwenye benchi kwenye korido roho inadunda, mzee ana miaka sitini na kitu, darasa la saba la zamani, yuko mle ndani peke yake na mafaili yangu. Saa moja na robo. Alipotoka alikuwa anafuta jasho lakini anatabasamu, akaniambia alimfungulia afisa faili la Aprili akamwonesha risiti moja moja na daftari la mauzo, "nikamwambia hii ni hii, na hii ni hii." Siri yake ni kwamba kila mwezi nilikuwa namkalisha namsomea kitabu chake mwenyewe kabla ya kutuma ritani, mwanzoni nilifanya hivyo kwa woga tu, nikiogopa nisije nikalaumiwa. Ule woga ndo ulimwokoa mzee kwenye ile korido. Aliniambia "wabeja, mwanangu", yaani asante kwa Kisukuma, tukaenda kula sato Kirumba.

Sasa ishu ya mhuri. Hii karibu inimalize. Nilipoanza nilichapisha bizinesi kadi, na kijana wa steshenari alinitengenezea kwa kompyuta yake, akaandika jina langu halafu chini "Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu". Nilijua sio sawa. Lakini ilipendeza, na nikajiambia ni maneno tu. Basi 2020 mwishoni akaja mteja wangu mmoja mpya, ana kampuni ya usafirishaji, benki inamtaka hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili ili apate mkopo wa kununua Fuso. Anaishika kadi yangu mkononi, ananionesha neno Wakaguzi, anasema si ndo nyie. Laki nane, anataka Ijumaa. Vitabu vyake nilikuwa nimeshamuandikia mwenyewe miezi miwili, kwa hiyo hesabu zipo. Kinachokosekana ni ripoti ya mkaguzi na sahihi na mhuri. Na mtu mmoja pale mtaani akaniambia mhuri sio kazi, 15,000 unapata leo.

Laki nane kwangu ilikuwa kodi ya meza ya mwezi mmoja mara ishirini. Sikulala. Na nisikudanganye, sikukataa kwa sababu ya uadilifu tu, nilikuwa nawaza yule mama wa vipodozi na zile karatasi zake zenye mhuri kwenye nailoni. Nilijiona mimi ndo ninayezigonga.

Asubuhi nikaenda kwa mama mmoja mjini, CPA mwenye leseni ya kufanya kazi za umma, yaani anaruhusiwa kukagua hesabu za watu na kuzisaini, ana ofisi yake ya ukaguzi miaka mingi. Simjui, hanijui. Nikamweleza yote. Akaniomba kadi yangu. Akaisoma, akaiweka mezani ikimwangalia yeye, akasema, "Mwanangu, sheria iliyoanzisha Bodi ni ya 1972, wewe hujazaliwa. Neno hili haliandikwi na mtu wa steshenari." Halafu akaniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo. "Hata ungekuwa na CPA leo hii, hizi hesabu umeziandika mwenyewe. Utajikaguaje?"

Unajua nilikuwa nimelisoma hilo? Liko kwenye somo la ukaguzi na kwenye maadili, hatari ya mtu kukagua kazi yake mwenyewe, nililijibu kwenye mtihani nikapata maksi zake. Lakini nilikuwa nalichukulia kama jibu la mtihani, sio kitu ambacho kingenikuta mimi Mabatini na mtu mwenye Fuso.

Yule mama CPA aliichukua ile kazi ofisini kwake, mi sikuruhusiwa kuigusa, vijana wake walikuja kwangu na orodha ya maswali kama mimi ndo mtuhumiwa, wakakuta makosa mawili, moja nilikuwa nimeweka matengenezo ya gari kama mali ya kampuni badala ya gharama. Haikuisha Ijumaa, ilichukua wiki tatu, mwenye kampuni alinuna, na mkopo akaupata baadaye kidogo. Mi nililipwa ya kuandika vitabu tu, 120,000. Zile kadi zilikuwa zimebaki mia moja na sitini, nilizichoma nyuma ya nyumba. Mpya nikaandika "Utunzaji wa vitabu na maandalizi ya ritani", basi. Nilidhani nitapoteza wateja, hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Na hapo ndo mlango wa uzoefu ulipofunguka, maana yule mama alinipa nafasi ofisini kwake siku tatu kwa wiki, posho ndogo, wateja wangu nikabaki nao siku zilizobaki. Kwa wale wanaouliza uzoefu wa miaka mitatu wanaupataje, mi niliupata kwa kwenda kukiri kosa, siwezi kukuahidi kwamba kwako itakuwa hivyo. Ila nakushauri kwa moyo wote, kabla hujafungua hata meza, mtafute CPA mmoja aliye na leseni, mwambie unachotaka kufanya, muulize utamletea nini na yeye atafanya nini. Hesabu za kampuni za kwenda na ritani ya mwaka zinahitaji mtu wa namna hiyo, kwa hiyo ni lazima utamhitaji, bora umjue mapema kuliko kumtafuta ukiwa unatetemeka.

Barua ya makubaliano nayo aliniandikisha yeye. Ukurasa mmoja, Kiswahili, mteja anasaini na mimi nasaini. Inasema nitafanya nini, lini, kwa shilingi ngapi, na sehemu ndefu kuliko zote ni ile ya nisichofanya. Sikagui hesabu. Simwakilishi mtu TRA. Sishiki hela ya kodi. Sina CPA, nasoma, na ikitokea kazi inayohitaji CPA nitakuambia na nitakupeleka kwake. Mara ya kwanza kuisoma mbele ya mteja nilikuwa nameza mate. Baadaye nikagundua watu wanasikiliza ile sehemu ya nisichofanya kwa makini kuliko nyingine yote, na mwishoni wanasaini haraka.

Mitihani sasa. Watu wanadhani ukiwa unafanya kazi mitihani inakuwa rahisi. Kodi ndiyo, kodi nilifaulu kwa raha kwa sababu naishi nayo kila mwezi. Ukaguzi baada ya kukaa kwa yule mama nao ulifunguka. Lakini lile somo la kuandaa hesabu za makundi ya kampuni, kampuni mama na kampuni tanzu, nilianguka mara mbili, kwa sababu wateja wangu hawana kampuni tanzu, mzee ana duka moja na Canter moja. Kazi inakunoa pale inapokugusa tu, kwingine kutu inaingia bila wewe kujua, na nilikuwa najidanganya kwamba kwa kuwa nashinda na vitabu basi nasoma. Mara ya tatu niliwaambia wateja wote wiki sita kabla, nikampa mwenzangu karatasi ya manila, nikajifungia. Nikafaulu, Novemba 2022, na lilikuwa ndo somo la mwisho.

Matokeo yalipotoka nilikuwa kwa mama wa vipodozi tunajumlisha, ni Jumamosi. Nikaiona kwenye simu, nikamwonesha, hakuelewa ile orodha ya namba, akaniuliza ndo kile cheti? Nikamwambia ndo chenyewe mama, imebaki kuandikishwa. Akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Halafu akavaa miwani yake akaniambia haya mwanangu tumalizie, mafuta ya nazi ya Alhamisi hujayaweka.

Leseni ya kufanya kazi za umma bado sina, ni hatua nyingine na nimeianza. Kadi zangu bado zinasema kile kile. Jana ilikuwa tarehe 4, mzee wa saruji alipita mwenyewe, siku hizi anatembelea fimbo, akaniachia bahasha ya kaki imeandikwa mwezi kwa peni nyekundu. Ndani risiti zimepangwa kwa tarehe, kila moja na fotokopi yake nyuma, zimebanwa na kibanio. Sabini na mbili. Nimezihesabu mara mbili.